Taarifa ya mwenyekiti wenu kwa mwaka 2025, sisi tulioingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1988

Ndugu wanachama, shikamooni mlionizidi, na wengine wote habari za siku nyingi.

Katibu kanikumbusha mara tatu kwamba taarifa iwe kurasa mbili na iwe na vichwa vya habari, mi vyote viwili vimenishinda, mtanisamehe, nimekuwa bwana shamba maisha yangu yote sio karani. Naanza na lile lililonikaa rohoni.

Mnakumbuka Februari tulifungua grupu jipya la WhatsApp baada ya lile la zamani kugeuka uwanja wa siasa na dawa za kisukari za kuforwadi. Adimini akaingiza namba zote alizokuwa nazo, watu 94, tukafurahi, picha za zamani zikaanza kumwagika, za Nkrumah Hall, za nywele za kalikiti, mpaka wajukuu wakatucheka. Mwezi wa sita mwenzetu mmoja wa Tabora akatimiza miaka 60. Tukammiminia maua na keki tangu asubuhi, jioni namba yake ikajibu hivi: "Shikamooni wazee wangu. Samahanini mimi sio huyo baba, hii laini nimeinunua mwaka jana hapa Kahama, niliona aibu kutoka maana mnaongea vizuri."

Tulicheka siku nzima. Usiku sikulala. Laini haipewi mtu mwingine hivihivi jamani, mpaka mwenyewe akae muda mrefu hajaigusa ndo kampuni inaichukua, maana yake ndugu yetu alikuwa kimya siku nyingi sana na sisi wote tulikuwa tunamhesabu kwenye akidi!

Hapo ndo linaingia kaunta buku. Mliokuwepo Mei 1990 chuo kilipofungwa mnajua tulivyotawanyika, mabegi kichwani, wa Mwanza na Kigoma wanakimbilia reli ya kati, wa Mbeya TAZARA, hakuna anayejua kama tutaitwa tena au ndo imetoka hiyo. Simu nani alikuwa nayo? Tulikuwa na SLP tu. Dada mmoja wa ualimu, ambaye siku hizi ni bibi wa wajukuu saba huko Moshi, alipita chumba kwa chumba na kaunta buku lake anaandika SLP ya kila mtu na chini yake jina la mtu wa kumuulizia nyumbani, mwalimu mkuu, katekista, mwenye duka, yeyote anayejulikana. Wengine tulimuona anatuchelewesha. Lakini ndo tulivyoandikiana miezi ile yote, na tuliporudi mwanzoni mwa 1991 tulikuwa tunajuana kuliko tulivyoondoka, mimi nilijua mpaka ng'ombe wa nani kazaa.

Dada yule hakulitupa. Kona zimeliwa na mende ila linasomeka. Akatafuta jina la ndugu yetu wa Tabora, akakuta SLP ya parokia na jina la katekista. Katekista alishafariki zamani, parokia ipo palepale. Mwenzetu anayeishi Nzega akaenda mwenyewe kumuona paroko, siku ya tatu tukapata majibu: yupo hai, alipata kiharusi, mkono wa kulia haufanyi kazi, simu ilipotea wakati anauguzwa, anakaa kwa binti yake.

Tulienda wanne. Nilivyoingia aliniita kwa lile jina la kule kafteria ambalo mke wangu hajawahi kulisikia na hatalisikia kwenye taarifa hii. Mdomo umepinda kidogo lakini jina lilitoka lote. Halafu, kabla hatujakaa hata vizuri, akauliza, "Nadaiwa ada shilingi ngapi?" Kumbe ndo kilichokuwa kinamzuia kumtuma binti atutafute, alijua hajalipa. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Kamati imefuta deni lake na madeni ya wote wanaoumwa. Kuna mjumbe alisema katiba hairuhusu, nikamwambia basi katiba tutairekebisha kwenye mkutano mkuu ila deni limeshafutwa. Kama nimekosea nipo tayari kuulizwa.

Mengine ya mwaka. Mkutano wa Dodoma ulifanyika, walitoka Dar kwa SGR wakawa wanasimulia njia nzima kama watoto, na kweli ukikumbuka treni ile ya waranti, tiketi za serikali za wanafunzi, tuliyolala juu ya magunia ya watu, hii ya masaa matatu na ushee inakuwa kama utani. Ukumbi ndo ulituangusha. Tulilipa advansi tukafika tukakuta kuna sendofu, mapambo mpaka getini, mwenye ukumbi anatuuliza sisi ni wa upande wa bwana au bibi. Tukafanyia kikao nyumbani kwa mwenzetu chini ya mwembe, na kwa maoni yangu kilikuwa kikao kizuri kuliko vyote maana hakukuwa na spika. Advansi yetu hatujarudishiwa mpaka leo, Katibu anafuatilia.

Wazo la kununua viwanja kwa pamoja Kigamboni limeletwa tena. Msimamo wangu mnaujua, urafiki wa miaka 37 sitaki nije niuone kwenye baraza la ardhi.

Wengi wenu mmestaafu mwaka huu au mnakaribia. Mnasubiri mafao, na habari za kikokotoo kila mtu anazijua kwa uchungu wake mwenyewe siingii huko. Ninachoomba, mtu akistaafu akahama Dar akarudi kwao atuambie kahamia wapi, maana ofisini ndo tulikuwa tunapatana, ukitoka pale namba ya mezani haikujui tena.

Misiba tulikuwa nayo mitatu, miwili tulifika kwa wakati, mmoja wa Songea tulisikia baada ya arobaini. Hiyo ni aibu yetu sote na mimi nikiwa wa kwanza.

Halafu zile siku za mwisho wa Oktoba intaneti ilipozimwa nchi nzima. Zilikuwa siku nzito, siwezi kuzieleza hapa. Nilichokiona kwa upande wetu ni kwamba grupu la watu 90 na kitu lilikufa papo hapo, na waliopata habari za wenzao ni wale wenye namba ya mke, ya mtoto, ya jirani, wakawa wanapiga simu za kawaida kuulizana mko salama. Mimi nilikuwa na namba kumi na moja tu za namna hiyo. Mwenyekiti mzima.

Fedha mtaziona kwa Mweka Hazina, ada ni ileile 10,000 kwa mwezi, waliomaliza mwaka mzima ni 51, wengine mnajijua na wagonjwa nimeshawatoa kwenye hesabu hiyo.

Sasa ninachokihitaji kutoka kwenu. Dada wa Moshi kakubali kuanza kaunta buku jipya, la karatasi kabisa, sio la kwenye simu. Kila mmoja amtumie mtaa au kijiji anachoishi, namba ya mtoto au mtu wa nyumbani, na jina la mtu mmoja wa jirani ambaye ukiuliza anakujua. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Machi, na asiyetuma nitamfuata mimi mwenyewe na nauli atalipa yeye.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, Morogoro, ukumbi hatukodi. Ajenda ni katiba, advansi ya Dodoma, na yule kijana wa Kahama, ambaye bado yupo grupuni na anasema anataka kulipa ada kama sisi. Mweka Hazina anasema hakuna kifungu. Mje mwamue.

Mwenyekiti wenu