Mchango wa bima ya afya ufuate bamvua, si mshahara

Mhariri,

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliundwa kwa sheria ya 2023 na ukaanza na watumishi wa serikali. Kwao mambo ni mepesi: mchango hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Muuza urojo wa Forodhani, fundi cherehani wa Mwanakwerekwe na mkulima wa mwani wa Paje hawana mwajiri wa kuwakatia. Tunaomba wafunguliwe mlango unaowafaa wao.

Kiwango kiwe nafuu, hilo halina ubishi. Lakini siku ya kulipa ina uzito uleule. Mwani hushughulikiwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, mara mbili kila mwezi mwandamo, na pesa huja ukishakauka na mnunuzi akapima. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mchango wa kaya shilingi 120,000 kwa mwaka. Kudai 10,000 kila tarehe mosi ni kumdai mtu siku ambayo huenda hana kitu. Zikigawanywa kwa bamvua 24 za mwaka wa Kiislamu, kila mara anatoa 5,000, tena mnunuzi akishapima na kulipa. Mchuma karafuu wa Pemba aruhusiwe kulipa ya mwaka mzima msimu ukiwa umepamba moto. Wenye mashua za watalii Nungwi walipe Julai hadi Septemba, wasisumbuliwe katika masika.

Na anayechelewa asifungiwe kadi papo hapo. Apewe siku 90. Akifungiwa mapema huanza upya kungojea, yaani kukaa muda fulani kabla bima haijamlipia, na wengi wakishatolewa mara moja hawarudi tena.

Bima ya hiari ina ugonjwa wake: watu hungoja waumwe ndipo wajiandikishe. Fungu likabaki la wagonjwa watupu, mchango ukapanda, na wazima wachache waliokuwemo nao wakatoka. Dawa yake ni kuandikisha vikundi badala ya mtu mmoja mmoja. Vikundi vya kuweka na kukopa vimejaa Unguja na Pemba. Vina mweka hazina, daftari na siku maalumu ya kukutana. Kikundi cha watu wasiopungua 20 kiingie chote, kila mwanachama na kaya yake, wazee na watoto wakiwemo. Kungojea kuwe siku 30, na kuhusu matibabu yanayopangika tu, kama upasuaji wa ngiri au mtoto wa jicho. Ajali, homa kali na uzazi visingojeshwe.

Vipo pia vikwazo vya mezani. Ukitaka leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, umeshamtoa mkaanga mihogo. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na uthibitisho wa sheha vinatosha, na uandikishaji ufanywe shehiani. Mtu wa Tumbatu asipande boti kwa ajili ya fomu. Wengi huuliza kama bima ni halali kisharia. Ni swali la haki, na lijibiwe na masheikh mbele ya watu: fedha zinawekwa wapi, zina riba au hazina, na zikibaki zinakwenda wapi.

Wapo wanaosema matibabu ni bure tangu Mapinduzi ya 1964, bima ya nini? Anayejua ni yule aliyeandikiwa dawa hospitali, dirishani akaambiwa haipo, akenda kuinunua dukani kwa fedha ya mtaji. Hapo ndipo biashara ndogo inapofia. Kwa hiyo mfuko ufunge mikataba na maduka ya dawa ya kila wilaya, na uyalipe ndani ya siku 30. Duka lisilolipwa kwa wakati huanza kuikataa kadi, na habari hiyo hufika sokoni kabla ya magharibi.

Tunaomba majaribio yaanze kwa vikundi vya mwani vya Jambiani na vya karafuu vya Micheweni, na hesabu zake zibandikwe ofisi ya sheha kila baada ya miezi 3, ziseme kilichokusanywa, kilicholipwa hospitali na madukani, na madai yaliyokataliwa pamoja na sababu zake.

Wahudumu wa vikundi vya wajasiriamali,
Unguja na Pemba