Hiyo "n.k." kwenye pakiti ya uji ni kitu gani?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu zamani, na likishasomwa hufungia vitumbua, lakini barua sijawahi kuwaandikia. Safari hii mmenichokoza. Utakumbuka habari mliyoitoa wiki mbili zilizopita, ya ofisa aliyewaambia akina mama wajasiriamali wa Ilemela kwamba bidhaa zao zinadoda kwa sababu "vifungashio havina mvuto". Mvuto! Ninayo pakiti ya unga wa lishe hapa mezani, ina mvuto wa kupelekwa harusini. Ina mtoto mnene anayecheka, ina jani la mlonge, ina maneno "Nafaka 7 Asilia" kwa rangi ya dhahabu.

Mjukuu wangu ana miaka 3 na ana mzio wa karanga. Nyumbani kwangu karanga haziingii, na anayetujua Wasukuma na mboga zetu za karanga anajua tumejinyima kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kununua nilivaa miwani nikasoma: "Mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, n.k." Hesabu hapo, Mhariri. Ni vitu vitano (na soya si nafaka, lakini hilo tuliache). Karanga sikuziona, nikalipa. Mtoto alikunywa nusu kikombe. Hazikupita dakika 10 midomo ikavimba, macho yakazibika, akaanza kukoroma akiwa macho. Tulipanda bodaboda watatu mpaka kituo cha afya, mimi nikiwa na kanga moja na pakiti mkononi. Walipomchoma sindano na pumzi ikarudi, daktari akaniuliza amekula nini. Nikampa pakiti. Akaisoma, akaigeuza, akairudia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hii n.k. ni kitu gani?"

Nilikwenda kuitafuta hiyo n.k. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye pakiti ilipokelewa na kijana anayeuza matairi Shinyanga. Mwenye duka akasema wateja wengine hawajalalamika, ila akanielekeza mashine wanakosagia. Huko nikamkuta binti mmoja, mtoto mzuri tu, mweupe kwa unga mpaka kope. Akanieleza bila kuficha: "Bibi, inategemea bei. Karanga zikishuka tunaweka karanga. Zikipanda tunaongeza soya, au dagaa kidogo." Kumbe mwanangu alimzaa mtoto ambaye uzima wake unakwenda na bei ya sokoni!

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo damu inapochemka. Nimefanya kazi miaka 17 katika kiwanda cha minofu ya sangara hapahapa Mwanza. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu, wengi wetu tulirudishwa nyumbani tukauza nyanya. Tuliporudi kazini tulifundishwa adabu. Kila boksi liandikwe tarehe, namba ya kiwanda, namba ya mkupuo, nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa minofu ya kugandishwa. Boksi moja likilalamikiwa huko Hispania, msimamizi alikuwa na daftari la kumwambia siku lilipofungwa na samaki walitoka mwalo gani. Mikono hii, isiyomjua Mhispania hata mmoja, ilimwandikia chakula chake mpaka tarehe. Jioni tunatoka getini tunanunua mapanki ya kukaanga, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondolewa. Panki halina lebo, lakini panki halidanganyi, mifupa unaiona. Leo mjukuu wa mikono ileile ananunuliwa uji dukani, umefungwa kwenye pakiti inayong'aa, na sehemu ya mwisho ya orodha ameandikiwa "na kadhalika". Ni orodha ya waalikwa hiyo? Msiniambie sheria hakuna. Utaratibu wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, unataka viungo vyote vitajwe, kuanzia kilicho kingi kwa uzito, na unataka karanga, samaki, maziwa na mayai visifichwe kamwe, kwa sababu vipo vinavyoua. Usimamizi wa usalama wa chakula uko kwa Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019. Na si mzio tu. Karanga na mahindi ndivyo vinavyopenda kuota sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota hiyo kitu, na sumukuvu haifi kwa kuchemsha uji hata ukiuacha jikoni mpaka asubuhi. Mtu anayenunua karanga siku zinaposhuka bei, na asiyeziandika, unadhani anazichambua?

Pakiti imeandikwa kilo 1. Nyingine kama hiyo, haijafunguliwa, niliipeleka kwenye mizani ya jirani yangu muuza dagaa, ikasoma gramu 900. Ingawa na yeye simtetei: dagaa wake wameanikwa mchangani, mbuzi wamepita juu, na mchanga anaupima pamoja na dagaa. Mwaka mzima nimenunua ufuko wa ziwa kidogo kidogo. Vichanja vya kuanikia vipo, wengine wanavitumia, yeye anasema vinachelewesha. Siku nyingine nitamwandikia barua yake.

Pendekezo langu ni hili. Unga wa watoto wetu uwe unapelekwa Hispania kwanza, ndege ileile ya minofu, ukaguliwe huko kisha urudi. Nauli ikiwa kubwa, basi orodha ya viungo iandikwe kwa herufi zenye ukubwa wa shavu la yule mtoto wa kwenye picha, na atakayeandika "n.k." anywe vikombe vitatu vya uji wake mbele ya mkaguzi, bila sukari.

Pakiti bado ninayo, robo tatu imejaa. Ofisa wa mvuto akiitamani aje aichukue. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa 10 jioni, isipokuwa Jumapili.

Mstaafu wa kiwanda cha samaki,
Kitangiri, Mwanza