Yah: Kipimo cha kasi kinachowapunja wanaochapa Kiswahili

Mwanga,
Kigoma.
12 Mei 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mafunzo ya Kuchapa Mtandaoni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, nina steshenari hapa Mwanga. Nililipia kozi yenu kwa simu, Sh 45,000 kwa kila mtu, tukiwa watatu: mimi na mabinti wawili ninaofanya nao kazi. Baadaye nikalipa tena Sh 60,000 za kozi ya juu kwa ajili ya mmoja wao. Hizo 60,000 ndizo zilizonikalisha kuandika barua hii, kwa sababu mlizipata kwa kunionyesha namba isiyo ya kweli.

Nieleze kidogo kazi yetu, maana naona huko ofisini mnadhani kila anayejifunza kuchapa anatafuta kazi ya ofisini. Sisi tunachapa mbele ya mwenye shida. Mtu anakuja na makubaliano ya kuuza kiwanja aliyoyaandika kwa peni kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wamejaa kwenye benchi, mwenyekiti wa mtaa anasubiriwa na muhuri wake. Mwingine ana mzigo Kibirizi na boti ya kwenda ng'ambo haimngoji. Ukichapa polepole, wanahamia duka la pili. Ukichapa haraka ukakosea jina la mnunuzi au ukubwa wa kiwanja, unachapisha upya kwa karatasi yako na wino wako. Kwa hiyo kasi na usahihi mnavyovitangaza, kwetu ni hesabu ya jioni.

Sitaki kuwadhulumu. Masomo yenu ya mwanzo ni mazuri. Mabinti wote wawili walikuwa wanachapa kwa vidole viwili huku macho yakiwa kwenye kibodi, na sasa wanaweka vidole kwenye safu ya katikati bila kuangalia, wakipapasa vile vinundu vidogo vya kwenye F na J. Somo la kufunika mikono kwa kitambaa liliwachekesha, lakini lilifanya kazi. Hapo mlistahili fedha yangu, na hapo sidai kitu.

Shida ilianza kwenye jaribio la mwisho.

Masomo yenu yote ya kasi yana matini ya Kiingereza (nitalirudia hilo chini), ila jaribio la cheti lina matini ya Kiswahili. Binti mmoja alikuwa anapata maneno 43 kwa dakika kwenye masomo. Kwenye jaribio akapata 28. Nikadhani ni woga. Mwenzake naye akaporomoka vilevile. Mimi mwenyewe, ninayechapa Kiswahili kutwa nzima na Kiingereza mara mojamoja, mfumo wenu ukaniambia nina kasi zaidi kwa Kiingereza! Hapo hapo kwenye skrini likaja tangazo la rangi ya machungwa: "Kasi yako imeshuka. Jiunge na kozi ya juu." Nikamlipia binti, kwa kuwa anataka kuomba nafasi Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, na hakutaka kuondoka na cheti cha 28.

Aliyeshika tatizo ni shangazi yangu. Yeye alisomea uhazili hukohuko Tabora enzi za mashine za chapa, na amestaafu akiwa katibu muhtasi. Alikuja dukani kutoa kopi ya hati zake, akamkuta binti analia machozi juu ya kibodi. Akaomba aione ile matini. Akachukua peni, akaanza kuhesabu herufi kwenye karatasi chakavu, kisha akaniuliza: "Hawa wanahesabu neno kwa mibonyezo au kwa nafasi?"

Ninyi mnajua swali hilo maana yake nini, maana mmelieleza wenyewe kwenye somo la kwanza. Kasi ya kuchapa haipimwi kwa maneno ya kwenye kamusi. Neno moja la kipimo ni mibonyezo mitano, nafasi na alama zikiwemo, ili anayechapa maneno marefu asionewe na anayechapa mafupi asipendelewe. Kwenye masomo mnafuata kanuni hiyo. Kwenye jaribio la Kiswahili, mfumo wenu unahesabu nafasi: kila penye nafasi ni neno moja, liwe refu au fupi.

Chukueni sentensi hii kutoka kwenye matini yenu wenyewe: "Muuzaji amemkabidhi mnunuzi kiwanja kilichotajwa." Herufi ni 44. Nafasi kati ya maneno ni 4, nukta 1, na nafasi ya kuanzia sentensi inayofuata 1. Jumla mibonyezo 50, yaani maneno 10 ya kipimo. Mfumo wenu umemwandikia binti maneno 5. Kidole kimebonyeza mara 50, mmemlipa 25.

Si kila sentensi inakatwa nusu. Yenye "na", "ya" na "wa" nyingi haiumii sana. Lakini Kiswahili kinabandika mtendaji, wakati, mtendwa na kitenzi pamoja, na lugha ya mikataba, barua za serikali na ripoti ndiyo yenye maneno marefu kuliko yote. Hiyo ndiyo kazi ya steshenari na ndiyo kazi ya ofisi. Kwa hiyo kadiri mtu anavyochapa kitu cha maana, ndivyo mfumo wenu unavyomwona mzembe. Hapa kwetu muuza mawese akinunua kwa kidumu kikubwa na kuuza kwa kidumu kidogo, soko zima linamjua kwa jina lake la pili.

Nilidhani mkielezwa mtarekebisha. Niliwatumia hesabu hiyo pamoja na picha za skrini. Jibu la kwanza lilisema nihakikishe kompyuta yangu ina intaneti nzuri. La pili lilirudia maneno ya tangazo la kozi ya juu, hadi koma zake. La tatu likasema ombi langu limefungwa kwa kuwa "limetatuliwa". Limetatuliwa na nani?

Kosa la pili liko kwenye usahihi, na ni dogo kiasi kwamba fundi wenu angelimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kwenye matini zenu za Kiswahili, maneno kama ng'ombe na ng'ambo yameandikwa kwa ile alama ya ng' iliyopinda (’), inayotokea yenyewe mtu anapochapa kwenye programu ya kuandikia. Kitufe cha kibodi, ndani ya ukurasa wenu, kinatoa alama iliyonyooka ('). Mfumo unaona alama mbili tofauti, unapaka neno jekundu na kukata usahihi. Hakuna namna ya kulichapa likakubaliwa. Binti alifuta, akarudia, akafuta tena, na saa inakwenda. Matini ile ya biashara ya mifugo ina ng'ombe karibu kila mstari! Mhudumu wenu alimshauri abadilishe kibodi. Kibodi gani, Ndugu Meneja? Kwenye kibodi za kawaida za hapa kwetu alama hiyo ni iliyonyooka, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Sasa nirudi kwenye masomo. Mlitangaza kozi ya "kuchapa kwa Kiswahili". Kilicho cha Kiswahili ni vitufe vya "Endelea" na "Rudi nyuma", pamoja na sauti ya dada anayesema hongera. Mazoezi yenyewe yamefuata herufi za Kiingereza. Somo zima linafundisha Q na X, herufi ambazo maandishi ya Kiswahili hayazitumii kabisa. Wakati huohuo A, ambayo sisi tunaihitaji kuliko herufi yoyote, iko kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu, na haina zoezi lake la kukikomaza.

Mwenye kuchapa Kiswahili anajua vidole vyake vinagombania wapi. K na I zote ziko kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, kwa hiyo "ki" ni kidole kimoja kupanda na kushuka. Jaribuni "hakikisha" mwone. "Za" nayo ni kidole kidogo kilekile cha kushoto, Z halafu A. Neno "nyumba" lina herufi nne za mwanzo zinazodai kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia. "Muhimu" lote ni mkono wa kulia, na I peke yake ndiyo inayokipumzisha kidole hicho. Haya ni maneno ya kila saa, na hapa ndipo mabinti wangu wanapojikwaa hadi leo, wakati neno la Kiingereza "the" wanalipiga kama mvua, kwa kuwa mmewazoesha. Kama mngekusanya "ki", "za", "nyu", "mu" na "kwa" mkazifanyia mazoezi ya dakika kumi kila siku, mngeuza kozi ambayo hakuna mwingine anaiuza, na mimi ningewaletea wateja kutoka Ujiji mpaka Mwandiga. Hili silidai kwa sheria, nalisema kwa uchungu wa mwenye duka.

Mambo mawili mengine nayapitia haraka. Tangazo linasema kozi inafaa "kila aina ya kibodi". Mji wetu uko mpakani, na kompyuta za mtumba zinazoingia kutoka Burundi na Kongo mara nyingi zina mpangilio wa Kifaransa: A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, M iko kulia kwa L, na namba zinahitaji kushikilia kitufe kingine. Moja ya kompyuta zangu ni hiyo. Picha zenu za vidole hazina mpangilio huo. Nimeibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio na kubandika stika juu ya vitufe, imekwisha, ila futeni hayo maneno ya "kila aina". Pili, mtandao ukikwama, herufi zinasimama lakini saa yenu haisimami. Muda wa jaribio ungepimwa ndani ya kompyuta yenyewe, bando lisingeingia kwenye kasi ya mtu.

Madai yangu ni haya. Mrudishe Sh 60,000 za kozi ya juu, zote, kwa namba ileile iliyolipa, kwa sababu niliuziwa dawa ya ugonjwa ambao haupo. Sharti lenu la kurudisha ndani ya siku saba halinihusu, kwani kasoro ni ya mfumo wenu na hakuna mteja angeweza kuiona ndani ya siku hizo bila shangazi kama wangu. Sh 135,000 za mwanzo sizidai kama mtafanya jambo la pili: muhesabu upya majaribio yetu matatu kwa kanuni ya mibonyezo mitano na kuondoa makosa ya ng', kisha mtoe vyeti vipya na kuvifuta vya zamani. Hamhitaji turudie. Mfumo wenu una kitufe cha "Tazama upya", kinachoonyesha herufi moja baada ya nyingine jinsi tulivyochapa, kwa hiyo kumbukumbu mnayo.

Cheti cha binti ndicho chenye haraka. Anakusanya viambatisho vyake sasa hivi, na siwezi kumwambia aweke karatasi inayosema 28 wakati vidole vyake vinafanya 43.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu, si kutoka kwa mashine. Msipojibu, nitapeleka barua hii na vielelezo vyake Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi katika biashara, na sioni jina jingine la kumwonyesha mtu kasi ya uongo halafu kumuuzia tiba yake.

Nimeambatisha risiti mbili za malipo, picha za skrini za matokeo yetu sote, majibu yenu matatu, na ile karatasi chakavu yenye hesabu za shangazi. Hiyo karatasi naomba mnirudishie, ameidai.

Wenu,

Mwenye steshenari,
Mwanga, Kigoma.