Mangi, gari subiri kwanza, tuongee habari ya chumba

Shimbonyi mangi,

Meseji yako niliiona tangu juzi usiku nikasema hii siwezi kuijibu na "sawa ndugu" afu niendelee na mambo yangu, acha nikae chini nikuandikie barua inayoeleweka. Kwanza hongera sana ya kazi, aisee nimefurahi mpaka shemeji yako akaniuliza kuna nini. Sasa we unasema kazi iko Njiro, binamu yako kakushikia chumba Ngaramtoni bei nafuu, na unataka uingie kwenye mkopo ununue IST maana Arusha sio Moshi, huwezi kutoka Majengo kwa miguu ukafika stendi hata jua halijakuchoma. Nakuelewa. Ila nakuomba kabla hujasaini hizo karatasi unisikilize mimi ninayeishi hapa bila gari na kazini nafika kwa wakati. Kwa ninavyoona mimi kinachokusumbua ni hicho chumba, gari wala hatujafika huko.

Ebu angalia huu mji ulivyokaa. Juu kuna mlima Meru, na mito yote inashuka toka huko kuja chini, Themi, Naura, Burka na vijito vingine kibao, kwaiyo mji umekatwa katwa vipande virefu vya kushuka na madaraja ya kukuvusha toka kipande hiki kwenda cha pembeni ni machache. Ndo maana daladala karibu zote ni za kwenda mjini na kutoka mjini. Mtu wa Moshono akitaka kwenda Sakina anaingia mjini kwanza, mtu wa Kwa Mrombo akitaka kwenda Ngaramtoni hivo hivo, hata kama kwenye ramani unaona mbona ni hapo tu. Sasa wewe Ngaramtoni iko kule barabara ya Namanga, Njiro iko huku chini upande mwingine kabisa, maana yake kila asubuhi unapanda gari la kuja mjini, unashuka, unatembea kwenda kutafuta la Njiro, afu jioni unarudia yote hayo kinyume chake. Nauli mbili kwenda, nauli mbili kurudi, na hapo sijasema siku za soko la Ngaramtoni, Alhamisi na Jumapili, magari yanajaa viroba na mikungu ya ndizi mpaka unakaa umekunja magoti kifuani. Ukiishi hivo mwezi mmoja lazima uote gari, na mimi ningeota. Utasema ukiwa na IST utapita zako bypass. Sawa, bypass ipo, kilomita 42.4 toka Ngaramtoni mpaka Usa River, lami safi, lakini ndo umeamua kuzunguka nje ya mji kila siku kwa mafuta yako ili ulale kwenye chumba cha bei nafuu, hiyo nafuu iko wapi tena?

Mimi nakushauri tafuta Kijenge, au popote pale karibu na mzunguko wa Impala. Magari ya Njiro yakitoka mjini yanapita hapo, na kuna kitu watu hawakifikirii kabisa, asubuhi wengi wanaingia mjini, wachache sana wanatoka. Kwaiyo wakati wenzako wa Njiro wanagombania siti za kuja mjini wewe unapanda gari linalorudi nusu tupu, unakaa dirishani, unafika shati bado limenyooka. Jioni vilevile, wao wanarudi wamesimama, wewe unaenda kinyume nao. Hiyo peke yake mangi ina thamani kuliko IST. Bei ya chumba itakuwa juu kidogo ya Ngaramtoni najua, lakini chukua nauli unazookoa uziweke juu ya kodi uone kama hujatoka sawa. LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, walipopandisha nauli Desemba 2023 daladala ya umbali usiozidi kilomita 10 ilienda 600 toka 500, wanafunzi wakabaki na 200 yao. Chukulia kila safari ni 600 tu, piga mwenyewe mara nne kwa siku afu piga mara mbili, uone tofauti kwa mwezi. Kitu kingine muulize bosi wako ofisi iko umbali gani toka barabara ya lami, maana Njiro ni kubwa, Hiace inakushusha barabarani na toka hapo kuingia ndani unaweza kujikuta unahitaji toyo, yaani bodaboda, kila siku na toyo ya kila siku inakula hela taratibu bila wewe kushtuka.

Ntakuambia mimi navyofanya. Nakaa Kwa Mrombo, na jioni magari ya kwetu ni shughuli. Pale stendi ya daladala Kilombero kuanzia saa kumi na moja na nusu Hiace ikija haijasimama vizuri watu washauning'inia mlango, vijana wanapitisha mabegi dirishani kushika siti, mama wa watu ana mtoto mgongoni anasukumwa, konda anaita "Mrombo Mrombo, wawili wa mwisho" na ndani mmeshakuwa wanne siti ya watatu. Sipigani pale. Natembea kurudi nyuma kama vituo viwili hivi, napanda lile linaloingia likiwa linashusha, nageuza nalo. Nalipa nauli mara mbili ndio, lakini nimekaa, simu yangu iko mfukoni, na pale wanapong'ang'ania mlango mimi nimeshafika siti ya nyuma. Siku mfuko umekauka sigeuzi, naendelea kutembea kwanza. Watu wa huku wanasahau kwamba toka Mnara wa Saa mpaka Kilombero kwa kuifuata barabara ya Sokoine ni mwendo wa miguu tu, jioni magari yamesimama bampa kwa bampa unayapita yote na hali ya hewa yetu unaijua, hutoki jasho. Juni na Julai ndo uwe na jaketi zito kabisa maana ile baridi ya saa kumi na mbili asubuhi kituoni sio mchezo.

Ukikaa kwenye Hiace ukwepe kile kibenchi nyuma ya dereva kinachoangalia nyuma, chini yake kuna injini, utachemka mpaka Njiro. Kaa siti ya mlangoni kama unashuka karibu, na ukitaka kushuka sema mapema "shusha Nane Nane" kwa sauti, konda hasomi mawazo. Hela ndogo uwe nayo. Asubuhi ukimpa elfu kumi utashuka unadai na gari limeshaondoka.

Kuhusu bodaboda hapa nakuongelesha kama ndugu. Zipo kila kona, zinafika kule ambako Hiace haifiki, Ilboru juu huko, Muriet ndani, na usiku ikishafika saa tatu magari yanapungua hivo utazihitaji tu. Lakini chagua kijiwe kimoja karibu na unapokaa, jitambulishe, chukua namba ya mmoja au wawili wanaoendesha kistaarabu, wawe ndo watu wako. Usimpande mtu humjui usiku kisa kakupunguzia miatano. Helmeti vaa, akisema hana ya abiria mwache aende. Nimewaona vijana wazuri wamelala Mount Meru hospitali miguu imefungwa vyuma, na wengi walikuwa wanawahi kitu ambacho kingeweza kusubiri dakika kumi. Bolt nayo ipo, shemeji yako anaipenda anapotoka sokoni na mizigo, mimi naiweka kwa siku mtoto anaumwa au mvua ya usiku. Ukiipanda mara moja moja hivi bado hujafikia hata robo ya marejesho ya mkopo wa gari, mimi nimepiga hesabu na wewe piga.

Mvua sasa. Machi mpaka Mei huku chini Kwa Mrombo, Muriet, Olasiti, barabara za ndani zinakuwa tope jeusi linalonata, boda wanateleza, Hiace zinakatisha ruti zinakushusha njiani wanakuambia mbele hakupitiki. Beba viatu viwili, gambuti za barabarani na vya ofisini kwenye mfuko. Na korongo likiwa limejaa maji dereva akitaka kujaribu, shuka. Usione aibu, shuka na waambie na wengine washuke. Aprili 2024 hapa hapa jijini gari la wanafunzi lilisombwa na maji asubuhi likiwapeleka shule na watoto wakafariki, mji mzima ulilia, mimi mpaka leo nikisikia mvua ya alfajiri nawaza wale wazazi waliowavalisha watoto sare na kuwapandisha kwenye gari. Kwaiyo kuchelewa kazini kwa ajili ya mvua usikuogope, mpigie bosi.

Nirudi kwenye gari. Sikatazi mtu kuwa na gari, siku ukijaliwa watoto wanne na mama anaumwa miguu nunua, ntakuja kuliosha. Ninachokataa ni gari la mkopo mwezi wa kwanza wa kazi. Jamaa wa ofisini kwetu wenye magari kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wako na simu wanasubiri EWURA, wale wanaopanga bei kikomo za mafuta, watangaze bei ya mafuta, ikipanda wanalipaki nyumbani tunakutana nao kwenye Hiace na marejesho wanakatwa vilevile. Ongeza bima, ushuru wa maegesho mjini, tairi, fundi, na watu wote wa ukoo wanaojua sasa una gari. Mshahara wa kuanzia hauwezi kubeba vyote hivyo na kodi na hela ya kumtumia bi mkubwa huko Rau, na najua hela ya bi mkubwa ndo itakayokatwa kwanza, hilo ndo linaniuma mimi.

Na nikuambie linalonikera kuhusu huu mji, maana sio kwamba kila kitu kiko sawa. Sensa ya 2012 Jiji lilikuwa na watu 416,442, ya 2022 ikasema 617,631. Hao laki mbili hawakuongezeka pale Mnara wa Saa, wamejenga kule pembeni, Muriet, Olmoti, Olasiti, Moshono, maana ndo viwanja vilipo. Barabara kubwa zimejengwa na nashukuru, ile ya njia nne toka Sakina mpaka Tengeru kilomita 14.1 imesaidia sana, hata ukitoka Moshi unaiona tofauti yake ukishafika Tengeru. Lakini magari yanayotubeba ni Hiace zile zile za watu kumi na kitu, Dar wamepata mwendokasi toka 2016, sisi jiji zima la watalii na mikutano bado tunaning'inia mlangoni, na wakija wageni wakubwa kwenye kituo cha mikutano cha AICC barabara zinafungwa tunasubiri juani. Sasa uwanja wa AFCON 2027 wameuweka Olmoti, watu 30,000. Mimi ningependa sana kusikia hao 30,000 wanafikaje na wanarudije, na baada ya mechi mama muuza mboga wa Olmoti atabaki na basi gani la kwenda Kilombero saa kumi alfajiri. Mabasi makubwa yenye ratiba, vituo vyenye paa, njia ya waenda kwa miguu isiyoegeshwa magari, ndo vitu ninavyoviombea kila kikao cha mtaa nikipewa nafasi ya kuongea. Wengi wetu hatuna gari na hatutakuwa nalo karibuni, na mji ni wetu.

Basi fanya hivi. Usilipe kodi ya Ngaramtoni, mwambie binamu asante sana umepata karibu na kazi. Njoo siku ya kazi, usije Jumapili, Jumapili kila mtaa wa Arusha unaonekana uko karibu. Toka Moshi na Coaster ya kwanza kabisa au uje jana yake ulale kwetu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuwe tumesimama pale Impala tunaangalia. Hesabu gari za Njiro zinazopita kwa nusu saa, angalia ngapi zina siti, ongea na mama muuza chai wa hapo kituoni umuulize mvua ikinyesha inakuwaje na usiku inakuwaje, yeye anajua kuliko dalali. Afu ndo tuingie mitaani kuangalia vyumba, na kila chumba tutakachopenda tutatembea toka mlangoni mpaka kituoni, ikizidi dakika kumi tunakiacha hata kiwe na marumaru. Dalali atanuna, mwache anune. Mimi ntaomba ruhusa kazini mpaka saa nne, niambie tu siku.

Shemeji yako anasema ukija mbebee ndizi mshare, za huku hazimridhishi. Msalimie sana bi mkubwa na watoto wa dada.

Chalii wako,
Kwa Mrombo