Usiuze shamba kabla hujaja Mlalo

Mlalo, Lushoto

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama anakusalimu. Ukungu siku hizi hauondoki mpaka saa nne. Mengine tutaongea ukija.

Mjomba kaniambia unataka kuliuza shamba la mteremkoni, na mnunuzi ameshakuja kulipima. Tangu hapo silali vizuri. Ada ya watoto imekubana, najua, sikulaumu. Ila huyo bwana kasema wazi atang'oa yale majani yote yanayoshika udongo alime viazi mpaka juu kabisa. Shabani, mvua moja ya masika inatosha kuuteremsha udongo wote kwenye maharage yetu.

Unakumbuka bibi zetu wakitusimulia habari za matuta? Mwaka 1946 Waingereza walianzisha humu bondeni mpango wao wa kuzuia mmomonyoko. Mwenye shamba la mlimani alilazimishwa kuchimba matuta, akikataa ni faini. Mzigo ukawaangukia wanawake, kwa kuwa wao ndio walioshika jembe, na udongo mzuri ukafukiwa chini ya ule mwekundu usio na rutuba. Miaka ya hamsini watu wakagoma, mpango ukafa kabla ya uhuru. Bibi yako alikuwemo, na alijivunia mpaka anakufa.

Sasa fikiria, bibi huyo huyo, miaka ya themanini walipokuja watu wa hifadhi ya udongo na majani ya Guatemala, aliyapanda mwenyewe kwa mistari inayokatiza mteremko. Hakushurutishwa na mtu. Aliona ng'ombe wanashiba na udongo haushuki. Mistari ile ndiyo anayotaka kuing'oa mnunuzi wako.

Pale kwenye mparachichi unaliona bonde zima: migomba, zile nyumba za udongo za ghorofa na roshani zake za mbao, upande wa pili misheni ya Wajerumani ya tangu 1891. Wageni wanapanda kutoka mbali kuja kupatazama. Lakini mimi sikuombei mandhari, nakuombea udongo. Bila udongo, hoho na karoti zinazoshuka Mombo kila wiki kwenda Dar zitatoka wapi?

Nikodishie mimi. Nitakulipa msimu mmoja mbele, na majani sitayagusa zaidi ya kuwakatia ng'ombe. Hata mavuno tunaweza kugawana, ukipenda... hilo tutalipanga.

Hebu niambie, kinachokupungukia ni shilingi ngapi? Dada yako ameambiwa, au atasikia watu wakinong'ona msibani? Umepokea chochote kwa huyo bwana? Umeweka sahihi? Na wewe mwenyewe utapanda lini huku? Mjomba anasema mnunuzi anarudi Jumamosi, basi nipigie kabla ya Ijumaa, hata usiku.

Rafiki yako,
Athumani