Malalamiko: klachi na breki za katapila langu D4

Ndugu Meneja wa gereji,

Salaam. Naandika kwa heshima ila nisikufiche, nina hasira. Risiti yenu inasema "kusafisha grisi stering klachi na breki pande zote mbili", yaani zile klachi zinazogeuza mashine kushoto na kulia, laki nane na nusu, nimelipa keshi.

Kazi haikufanyika. Nimelala mwenyewe chini ya mashine kule Kisongo nikaangalia zile plagi za kumwagia oili, zote mbili zina tope lililokauka tangu masika, rangi haijachubuka, spana haijagusa pale kabisa. Sasa hiyo grisi mliitoa wapi bila kufungua plagi? Nilipofungua ya kulia ilitoka oili nyeusi karibu nusu ndoo.

Hilo pengine ningesamehe. Kilichoniuma ni Jumatatu pale mapokezi, nimefika na risiti mkononi na opareta wangu, wateja wamejaa, msimamizi wenu hata macho hakutoa kwenye simu, akasema kwa sauti "mzee hilo sio katapila, hilo skrepa, kaliuze kwa kilo". Watu wakacheka.

Na sikuja kuomba cha bure. Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu kijana wangu anayeendesha mashine alikuwa anashuka kwenye mteremko, anavuta liva ya kulia na kukanyaga breki, mashine inaenda moja kwa moja kwenye korongo, bendi ya breki imelowa oili haishiki kitu. Aliponea kwa kushusha bledi ikakita ardhini. Yule kijana ana watoto wawili.

Kazi yenyewe mnaijua, klachi zile ni kavu, hazitakiwi kuguswa na oili, unamwaga oili yote, unafunga plagi, unatia mafuta ya taa, unaendesha mbele na nyuma huku unavuta liva moja moja, unamwaga, unarudia mpaka yatoke masafi, halafu unafunga liva kwa kamba zikiwa zimevutwa ili sahani za klachi ziachane zikauke. (Fundi wenu mmoja alitaka kutumia petroli, nikamkataza siku ileile, cheche moja tu mnachoma mashine na mtu.) Na mlitakiwa mniambie sili ya boksi la gia inavuja, maana bila kubadilisha sili oili itarudi tu hata ukisafisha kila mwezi. Hakuna aliyeniambia.

Narudia ya Jumatatu maana nadhani hamjaambiwa yote. Nilipomwambia "kijana wangu nusura afe" aliisukuma risiti kwenye kaunta ikaanguka chini, nikainama kuiokota, mimi mtu wa miaka 61, mbele ya opareta ninayemlipa mshahara, na huku nimeinama ndio akasema hilo skrepa kaliuze kwa kilo. Opareta wangu aliangalia pembeni. Njia nzima mpaka Kisongo hatukuongea.

Mwanzo nilitaka mrudie kazi tu. Sasa sitaki fundi wenu aiguse mashine yangu. Nataka laki nane na nusu yangu, na hela ya lobedi, lori lililobeba mashine, kwenda na kurudi, na sili mninunulie nyinyi, na huyo msimamizi aje aniombe radhi opareta wangu akiwepo. Nilitaka niwape wiki mbili lakini hapana, mwisho Ijumaa. Ikipita naenda Tume ya Ushindani na mahakamani, na makontrakta wote ninaowajua kuanzia Usa River mpaka Moshi nitawaonyesha picha za zile plagi, nilizipiga kabla sijazifungua.

Mteja wenu wa miaka tisa,
mwenye D4