Barua kwa mhariri: Kiwanja cha watoto Goma kinaanza na makoro

Bwana Mhariri,

Kila tunapouliza watoto wa Goma wacheze wapi, jibu ni lilelile: mji umejaa, ardhi imekwisha. Kweli, katika mitaa ya Birere na Majengo nyumba zimebanana hadi mabati yanapandiana, na ufuo mwingi wa ziwa Kivu umefungwa na kuta za parsele (viwanja vya makazi ya watu) na hoteli. Lakini vipande vidogo bado vipo: nyua za shule na za makanisa, na sehemu za makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda, ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002 ambazo hazijapata mjenzi. Uwanja mkubwa wa michezo si lazima. Mita 20 kwa 40 zinatosha watoto wa kartye (mtaa) nzima kucheza mpira wa watano kila upande, na pembeni pakabaki nafasi ya bembea. Tunachoomba ni viwanja vidogo vingi, vilivyojengwa kwa namna inayofaa ardhi hii ya volkano.

Namna ndiyo inayokosekana. Mara nyingi mfadhili au mgombea huleta kamyoni kumi za udongo mwekundu, unamwagwa juu ya makoro, unasawazishwa, mechi ya kwanza inachezwa kwa ngoma. Baada ya misimu miwili ya mvua mawe yameanza kuchungulia, na watu wanalaumiana kwamba udongo umeibwa. Haukuibwa. Umemezwa. Makoro yana nyufa na mashimo kila mahali. Ndiyo sababu mvua inapita mita moja kwa mwaka na bado ndani ya Goma huoni kijito. Maji yanazama, na yakizama yanashuka na udongo.

Dawa yake ni kupanga tabaka. Kwanza vunja vilele vya makoro kwa nyundo kubwa na mtaimbo, na mawe yaliyovunjika yaingie kwenye mashimo palepale. Wakati wa kuvunja, sikiliza. Jiwe likilia kama ngoma, chini yake kuna uwazi: toboa paa lake na ujaze, kwa sababu siku moja litabomoka lenyewe, na huwezi kujua nani atakuwa amesimama juu. Kisha weka mawe ya ukubwa wa ngumi, sentimita 15. Juu yake changarawe ya ukubwa wa harage iliyochanganywa na mchanga mweusi, sentimita 5. Mwisho udongo, sentimita 10. Kila tabaka linaziba matundu ya lile la chini, maji yanapita na udongo unabaki. Shindilia kila tabaka kabla ya kumwaga linalofuata, na katikati ya kiwanja pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 10.

Hesabu yake haifichiki. Mita 800 za mraba kwa unene wa sentimita 30 ni mita 240 za ujazo. Ongeza robo kwa ajili ya kushindilia, unafika 300. Kamyoni la tani 7 hubeba takriban mita 5 za ujazo, basi ni safari 60. Atakayekuambia kumi zinatosha anakuuzia kiwanja cha mwaka mmoja. Wengine hukwepa gharama ya udongo wakaacha changarawe ya volkano juu kabisa. Waulize magoti ya watoto: changarawe ile inakata kama chupa iliyopondwa.

Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga na Lac Vert, kuna jambo la kutangulia hata nyundo: mazuku. Gesi ya kaboni inatoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde madogo kama maji kwenye sahani. Mtu mzima anaweza kusimama humo kichwa kikiwa kwenye hewa safi, huku mtoto aliyeinama kuokota mpira anavuta gesi. Panzi na mijusi waliokufa, au ndege aliyelala chini, ni dalili tosha ya kuhama. Mshumaa usiuamini: utakapozimika, gesi imekwisha kufika kiasi cha kumwangusha mtu. Waombwe wataalamu wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, wapime kwa chombo, kwa urefu wa sentimita 10, 50 na mita 1, alfajiri kabla upepo haujaamka. Kipimo cha saa sita mchana hakina maana. Na shimo lenye gesi halifai kiwanja hata likitolewa bure.

Kuhusu vyuma, maneno machache. Moshi wa Nyiragongo huleta mvua yenye asidi, na kila mwenye bati anajua. Bomba liwe la kupakwa zinki, lipigwe rangi ya kuzuia kutu kila mwaka. Goli lifungwe kwenye saruji. Goli la kuegeshwa huangukia watoto wanaoning'inia. Bembea yenye urefu wa mita 2 iachiwe mita 4 mbele na 4 nyuma, na chini yake mchanga laini wa sentimita 30. (Mji uliojengea chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu ya rangi ya dhahabu hauwezi kushindwa na bembea mbili.)

Kinachoua viwanja vingi zaidi, hata hivyo, ni karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma haiwezi kugawiwa mtu mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kwa hiyo pawe na uamuzi ulioandikwa wa kukitenga kiwanja, kipimwe, kona zake zote ziwekwe bone (alama za mpaka) za saruji, kichorwe kwenye ramani ya kadastre (ofisi ya upimaji ardhi), na nakala zikae kwa shefu wa kartye na kwa kamati ya wazazi. Bila hayo, kiwanja kilichosawazishwa kwa salongo (kazi ya pamoja ya wakazi) ni parsele iliyotayarishiwa mnunuzi, tena bila yeye kulipa kibarua.

Kazi ya mawe ifanyike Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi. Udongo umwagwe Septemba mvua zinapoanza, na vipando vya ukoka vishindiliwe kila sentimita 30. Kisha kiwanja kizungushiwe kamba kwa wiki nane, na awepo mlinzi, kwa maana watoto wataivuka kamba siku ya kwanza.

Mafundi wa ujenzi, Goma